Fundi wa Tanga na Ford ya Ghalani

Huko Tanga, kwenye gereji ya uani ambako fundi mmoja alijifunza kazi, kulikuwa na jambo ambalo mnunuzi wa gari hakuambiwa mpaka aulize mwenyewe: kwamba injini iliyomo si ya gari hilo. Peugeot ingeweza kutembea na gia boksi ya Peugeot nyingine. Land Rover ya zamani ingeweza kupewa dizeli ya Toyota, ikafungwa kwa vipande vya chuma vilivyokatwa na kuchomelewa palepale uani. Gari lilikwenda, mwenyewe alifika Korogwe na kurudi, lakini hakuna aliyejivunia. Ilikuwa dawa ya uhaba tu. Spea haipo, au ipo na bei yake haishikiki.

Miaka mingi baadaye fundi huyohuyo, sasa mkazi wa Columbus katika jimbo la Ohio, alisimama kwenye uwanja wa maonyesho mwezi wa Julai akiitazama Ford ya mwaka 1932 yenye injini ya Mercury, ekseli ya gari la tatu na usukani wa gari la nne. Mwenye gari alikuwa amekalia kiti cha kukunja, kofia kichwani, akipokea pongezi. Pembeni yake palikuwa na kibao kilichoorodhesha kila kifaa na gari kilikotoka. Fundi alikisoma kuanzia juu hadi chini. Mambo ambayo yeye alifundishwa kuyanyamazia yalikuwa yameandikwa kwa rangi na kutiwa fremu.

Gari la namna hiyo Wamarekani huliita hotrodi, na kwa asili yake ni kazi ya vijana wasio na fedha. Kusini mwa California, kabla ya Vita Kuu ya Pili, Ford kuukuu zilijaa kwenye viwanja vya vyuma chakavu. Model A peke yake ilitengenezwa zaidi ya milioni 4.8 kati ya mwaka 1927 na mwanzoni mwa 1932. Kijana alijipatia moja kwa bei ya kutupa, akavua madigadi na kila kilichoongeza uzito, akaitia injini nguvu, kisha akaenda kuikimbiza kwenye ziwa lililokauka la Muroc, ambako ardhi ni tambarare na hakuna mti wa kugonga. Mwaka 1937 vilabu vya vijana hao viliungana na kuunda chama cha SCTA (Southern California Timing Association), ili mbio ziwe na saa na kanuni. Vita vilipokwisha, askari walirudi na ujuzi wa injini za ndege na vifaru, na mshahara wa akiba mfukoni. Januari 1948 Robert Petersen alitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Mwaka uliofuata zikaanza mbio za wiki nzima kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Kufikia 1997 maonyesho ya Pebble Beach, ambako matajiri huanika Bugatti na Rolls-Royce zao kwenye nyasi zilizokatwa kwa mkasi, yalikuwa yamezifungulia hotrodi kundi lake la mashindano.

Yaani ilichukua miaka 60 juakali ya California kuitwa urithi. Ya Gerezani, Dar es Salaam, na ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bado inasubiri zamu yake.

Ford yake mwenyewe fundi hakwenda kuitafuta. Alikwenda kutengeneza trekta la mkulima mmoja mzee, mashariki mwa jiji, na trekta lilikuwa ndani ya ghala la mbao la aina inayoonekana kila kilomita chache katika mashamba ya Ohio. Nyuma ya marobota ya majani makavu kulikuwa na turubai, na chini ya turubai Ford Model A ya mwaka 1931, ile ya milango miwili iitwayo Tudor. Ilipokuwa mpya bei yake ilikuwa chini ya dola 500. Baba wa mkulima aliitumia kubebea maziwa na kuku, akaiegesha siku moja baada ya mavuno kwa nia ya kuishughulikia majira ya kuchipua, na majira hayo hayakufika. Mzee alikuwa tayari kuiuza kwa sharti moja: isivunjwe ikauzwa vipande. Fundi akakubali, akainunua.

Watu hudhani ghala huhifadhi gari. Kuna kiasi cha ukweli, kwa kuwa jua na mvua haviligusi moja kwa moja. Lakini ghala hili lilikuwa na sakafu ya udongo, na unyevu wa udongo hupanda usiku na mchana. Chesisi ilikuwa na kutu upande wa chini na safi upande wa juu. Isitoshe, paa la Model A si bati tupu, kwani katikati lina fremu ya mbao iliyofunikwa kitambaa chenye lami. Kitambaa kilikuwa kimeoza, na kila tone lililopenya paa la ghala lilikuwa limepata njia ya kufika kwenye viti.

Halafu panya. Wasimulizi wengi wa habari za magari ya ghalani huruka sehemu ya panya, au huitaja kwa kicheko, wakati ndiyo inayoweza kuua. Panya wa porini wa Marekani hubeba virusi vya hanta, ambavyo mwaka 1993 viliua watu kusini-magharibi mwa nchi kabla ya madaktari kujua wanapambana na nini. Vumbi la kinyesi na mkojo uliokauka likipeperuka, mtu huvivuta kwa pumzi. Kwa hiyo fundi hakufagia. Alifungua milango, akaacha upepo upite, akavaa glavu na barakoa nzito, akalowanisha kila kitu kwa maji yenye klorini, ndipo akaanza kuchota viota. Kimoja kilikuwa chini ya kiti cha nyuma, kimejengwa kwa sufi ya kiti chenyewe. Kingine kilikuwa ndani ya boksi la kichujio cha hewa ambalo mtu fulani alilifunga zamani. Cha tatu, cha maganda ya jozi, kilijaza bomba la ekzosi kuanzia nyuma mpaka karibu na injini. Mkojo wa panya hula chuma: pale kiota kilipokaa, sakafu ilikuwa imetoboka, na mahali pengine pote ilikuwa nzima.

Mkulima alitaka kusikia injini ikiunguruma siku hiyohiyo. Kila mtu hutaka hivyo. Fundi aliingiza hendeli ya kuwashia mbele, pale Model A inapoipokea, akaizungusha taratibu. Haikusogea hata kidogo. Injini ilikuwa imekamata.

Jioni alimpigia simu bosi wake wa zamani, ambaye bado yuko Tanga na bado hufungua gereji asubuhi ingawa macho yamefifia.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, mwanangu. Umeua gari la nani huko?"

Akamweleza: mwaka 1931, silinda 4, vali ziko ubavuni, haizunguki. Mzee akauliza kama plagi zilikuwemo zote. Hazikuwemo, tundu la tatu lilikuwa wazi. "Basi maji yameingia hapo," mzee akasema. "Fungua hedi. Usiifunge kamba kwenye trekta ukaivuta, utavunja ringi. Na huyo mwenye haraka mpe chai." Halafu akaangua kicheko, maana hakuweza kuamini kwamba Marekani nako kuna magari ya kufufua.

Hedi ilipotoka, habari ilikuwa kama mzee alivyoiona kutoka ng'ambo ya bahari. Pistoni tatu zilikuwa zimevaa kaboni kavu na ukuta wa silinda zake ulikuwa na wekundu mwembamba wa kutu. Katika ile ya tatu palikuwa na mzingo wa kutu nene, kahawia, uliokaa juu ya ringi kama ufizi juu ya jino. Fundi alichanganya mafuta ya gia boksi ya otomatiki na asetoni kwa vipimo sawa, akamimina katika kila silinda, akaacha. Asetoni hupenya kwenye nafasi ambazo oili nzito haifiki, nayo mafuta ya gia hubaki nyuma kulainisha. Kila jioni alitoka kazini, akaongeza kidogo, akagonga pistoni kwa kipande cha mti na nyundo ndogo, kwa kusikiliza zaidi kuliko kwa nguvu. Siku pistoni iliposogea, ilisogea upana wa ukucha. Akairudisha nyuma, akaipeleka mbele, kila safari ikienda mbali kidogo, mpaka krankshafti ikakamilisha mzunguko.

Hapo ndipo uliposimama mjadala ambao kila mwenye gari la ghalani hukutana nao. Marafiki wapya wa klabu ya wapenzi wa hotrodi walikuja, wakaitazama ile injini ya silinda 4 yenye nguvu za farasi 40, wakatikisa kichwa. Ushauri wao ulikuwa mmoja: toa, weka V8. Si ushauri wa kijinga. Mwaka 1932 Henry Ford alileta V8 ya bei nafuu yenye nguvu za farasi 65, na injini hiyo, ikiendelezwa mpaka 1953, ndiyo iliyoijenga hotrodi. Model A ina uzito wa kama tani moja tu. Ukiitia V8 huruka. Mmoja alikuwa na V8 ya kuuza.

Fundi alikwenda kuiona akiwa na kidumu cha unga wa chuma na sumaku. Injini hizo zina tabia yake: moshi wa ekzosi hupitishwa ndani ya bloku yenyewe, katikati ya silinda, kabla ya kutoka nje. Maji ya rejeta hupashwa moto pasipo sababu ya msingi, na chuma kikipata joto na kupoa kwa miaka 70 hupasuka, mara nyingi kati ya kiti cha vali na ukuta wa silinda, au kwenye matundu ya bolti za hedi. Sumaku ikiwekwa pande mbili za mahali panapotiliwa shaka na unga ukanyunyizwa, ufa hujichora wenyewe. Ulijichora. Muuzaji alisema nyufa hizo hushonwa, na ni kweli hushonwa, lakini kwa bei iliyozidi ile aliyolipia gari zima.

Lakini sababu kubwa haikuwa ufa. Ilikuwa karatasi. Ford alipiga namba ya Model A kwenye injini kwanza, kisha namba hiyohiyo ikapigwa juu ya chesisi, upande wa kushoto, mahali ambapo bodi huifunika. Huwezi kuisoma bila kuinua bodi. Cheti cha umiliki cha baba wa mkulima kilikuwa na namba ya injini. Bodi ilipoinuliwa na kutu kupigwa brashi, tarakimu zilijitokeza moja baada ya nyingine, na zote zililingana. Magari mengi ya umri huu yamepoteza ulinganifu huo kwa sababu injini zilibadilishwa shambani na hakuna aliyeandika. Mtu aliyekulia nchi ambako kadi ya gari huonyesha namba ya injini na namba ya chesisi, na ambako trafiki anaweza kuamua kuzisoma zote mbili, haoni raha kutupa bahati kama hiyo.

Basi akarudi nyuma zaidi ya V8, kwa vijana wa kwanza kabisa. Kabla ya 1932 hapakuwa na V8 ya kuokota. Walikimbia na hizi hizi silinda 4. Ed Winfield aliwatengenezea kabureta, kamshafti na hedi zenye kompresheni ya juu, naye George Riley akawauzia hedi zenye vali juu. Hotrodi ya injini yake yenyewe si kitu kipya. Imesahauliwa tu kwa sababu V8 ilipiga kelele zaidi.

Kiwandani Model A ilikuwa na kompresheni ya 4.22 kwa 1, kwa kuwa petroli ya wakati ule ilikuwa dhaifu. Petroli ya leo inavumilia zaidi, na hedi mpya za 5.5 au 6 kwa 1 bado hutengenezwa. Hiyo ni faida ya gari lililozaliwa kwa mamilioni: gasketi yake ni rahisi kupata kuliko ya gari la juzi. Akaagiza hedi, akatafuta kamshafti iliyosagwa upya, na kabureta mbili kuchukua nafasi ya ile moja ya Zenith. Spea nyingine aliziokota Hershey, Pennsylvania, kwenye gulio la Oktoba ambalo wapenzi wa magari ya kale hulijaza kila mwaka, watu wakitembea na mikokoteni na karatasi za mahitaji zilizobandikwa mgongoni. Kwa kijana wa Tanga aliyezoea kusachi spea Gerezani, kilichokuwa kigeni pale ni baridi tu. Kubembelezana bei kulikuwa kulekule.

Nguvu ina mpaka wake. Krankshafti ya Model A ni nyembamba, imeshikwa na beringi kuu 3, na haina vizani vya kuitulizia mtikisiko. Konrodi hazipewi oili kwa presha. Zina vijiko vidogo vinavyochota oili kwenye trei kila zinapopita chini. Na beringi zenyewe si vikombe vya kubadilisha, bali ni babiti, aloi laini ya bati yenye antimoni na shaba ambayo Isaac Babbitt aliibuni mwaka 1839. Humiminwa ikiwa ya moto, ikapoa, ikachongwa kwa kipimo. Kazi hiyo fundi alimpa mzee wa rika la bosi wake, ambaye ana karakana nyuma ya nyumba, na hana mwanafunzi. Ukiikimbiza injini hii kama ya gari la leo, babiti itayeyuka uisikie ikigonga kabla hujatoa mguu. Kwa hiyo lengo halikuwa kasi ya Bonneville. Lilikuwa gari linalopanda mlima bila kushusha gia.

Kazi iliyochukua fedha nyingi haikuonekana hata kwenye picha. Breki za Model A ni za fito: ukikanyaga, fito za chuma huvuta hadi kwenye magurudumu yote manne. Zikipangwa vizuri zinasimamisha gari la farasi 40 kwenye barabara ya vumbi ya 1931. Hazikubuniwa kwa ajili ya barabara ambayo lori la tani 36 liko mgongoni mwako. Ford mwenyewe alichelewa, akaleta breki za haidroliki kwenye magari ya mwaka 1939, na tangu hapo watengeneza hotrodi wamekuwa wakihamisha breki hizo kwenye Model A. Fundi alifunga seti ya miaka ya 1940, masta silinda mpya, mabomba mapya. Alizimaliza kabla ya kuirudisha hedi. Wana klabu walimwona kama mtu anayepaka rangi choo kabla ya kujenga nyumba. Kwao injini huwashwa kwanza ili moyo upate nguvu ya kuendelea. Kwake, gari likishawaka litaendeshwa, iwe limepangwa au la. Atatokea mpwa, atatokea jirani, atatokea mwenyewe siku ya jua. Huko Tanga aliwahi kuona gari lililowaka kabla ya kupata breki likisimamishwa na ukuta wa duka.

Tangi ni jambo jingine lililomkosesha usingizi. Katika Model A tangi la petroli liko mbele ya kioo, juu ya magoti ya dereva na abiria, na petroli hushuka yenyewe hadi kwenye kabureta bila pampu. Ni ubunifu mwepesi na wa kupendeza: geji ni kidirisha cha kioo kwenye dashibodi, na unachokiona kikipanda na kushuka nyuma yake ni ishara ya boya linaloelea ndani ya tangi. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka humo ikawa gundi nyeusi inayonuka kama varnishi. Aliloweka, akasafisha, akalipima kwa presha, akalirudisha mahali pake likiwa tupu, kama pambo. Tangi la kazi liko nyuma, na pampu ndogo ya umeme inalitumikia.

Bodi hakuigusa sana. Hakukata paa ili liwe fupi, desturi inayopendwa na wengi, wala hakuvua madigadi, maana Ohio hunyesha na matope yana adabu ndogo. Rangi ya kiwandani ilikuwa imebaki kwenye milango, imepauka, na juu ya mlango wa kushoto yalionekana mabaki ya maandishi ya biashara ya maziwa. Aliosha, akapaka nta, akaacha. Sakafu iliyoliwa na panya ilichomelewa bati jipya. Umeme wa volti 6, chanya ikiwa ndiyo inayofungwa kwenye bodi, aliuacha vilevile akabadilisha nyaya tu, kwa sababu zile za zamani zilivikwa kitambaa na panya walikuwa wameshakula.

Lilipowaka, liliwaka kwa namna ya enzi zake: wenzo wa kushoto chini ya usukani umepandishwa juu ili cheche ichelewe, wa kulia umeshushwa kidogo kuongeza petroli. Injini ikishakamata mwendo, wenzo wa kushoto hushushwa. Mtu akisahau na kupiga hendeli cheche ikiwa mapema, hendeli hurudi kinyumenyume na kuvunja kifundo cha mkono. Ajali hiyo ilikuwa ya kawaida zama zile. Mkulima alikuwa abiria wa kwanza. Alisema baba yake hakuwahi kuupanda mlima wa kanisani kwa gia ya tatu, kisha akauliza kwa nini pedali ya breki ni fupi hivi.

Klabu bado haijakubaliana. Baadhi wanasema bila V8 hiyo si hotrodi, ni gari kuukuu lenye kabureta mbili. Wengine, hasa wazee, hulizunguka, huinua boneti, huuliza habari za kamshafti, na huondoka wakiwa wamekumbuka mtu. Kwenye maonyesho ya Julai aliweka kibao chake kama wengine, kila kifaa na kilikotoka, hadi breki. Kwenye mstari wa injini aliandika namba tu.

Kilichobaki ni difu. Uwiano wake ni 3.78 kwa 1, na ukizidi kilomita 80 kwa saa injini hulalamika. Kuna gia ya ziada inayofungwa nyuma ya gia boksi ili injini ipumue barabara kuu, na kuna meno ya difu ya uwiano mwepesi zaidi. Ya kwanza ni ghali lakini hurudishwa kwa kufungua bolti. Ya pili ni rahisi, ila mlima wa kanisani utadai tena gia ya pili. Gari liko juu ya magogo majira haya ya baridi, difu imefunguliwa, na fundi anasubiri bei ya Hershey.